Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Flemmie Kittrell, mwalimu wa sayansi kimu aliyefundisha mabara matatu

Kila nikimtaja Flemmie Kittrell darasani, mikono huinuka. Wengi hawajawahi kulisikia jina lake, hata waliosomea lishe mpaka chuo. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi na wanafunzi, walimu wenzangu na wazazi wanaotaka kujua kwa nini binti yao anasoma "mambo ya jikoni" shuleni. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mengi ndani yake, mengine yanatosha kwa sentensi mbili.

Flemmie Kittrell ni nani?

Ni Mmarekani Mweusi, mtaalamu wa lishe na mwalimu wa sayansi kimu (somo la chakula, malezi ya watoto na usimamizi wa nyumba), aliyezaliwa 1904 na kufariki 1980. Mwaka 1936 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini Marekani kupata shahada hiyo katika lishe. Kwa karibu miaka 30 aliongoza sayansi kimu katika Chuo Kikuu cha Howard, jijini Washington. Katikati ya kazi hiyo alikuwa akifunga mizigo mara kwa mara kwenda Liberia, India, Congo na kwingineko, si kutalii, bali kuangalia watu wanakula nini na kufundisha wanaofundisha.

Alizaliwa wapi, na alilelewaje?

Alizaliwa Henderson, North Carolina, siku ya Krismasi mwaka 1904, katika nyumba ya watoto tisa. Wazazi wake, James na Alice, walikuwa na asili ya Kiafrika na ya Wacherokee, wenyeji wa Amerika tangu kabla ya Wazungu. Fedha zilikuwa haba. Alipofika miaka 11 alishaanza kufanya kazi katika nyumba za watu, kulea watoto na kusafisha.

Hapo huwa nasimama kidogo. Mtoto wa miaka 11 amembeba mtoto wa mwenzake mgongoni, anamlisha, anambembeleza, anafua nguo zake. Miaka 20 hivi baadaye mtoto yule yule anaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu namna watoto wachanga wanavyolishwa. Kazi ambayo wengi wetu tungeificha kwenye wasifu wetu ndiyo iliyomfungulia macho mapema.

Kumbuka pia kwamba alikulia kusini mwa Marekani wakati sheria zilitenganisha Weusi na Weupe shuleni, hospitalini na kwenye mabehewa ya treni. Shule aliyokwenda, Hampton Institute huko Virginia, ilianzishwa 1868 kwa ajili ya watu Weusi waliokuwa wametoka utumwani. Alipata shahada yake ya kwanza hapo mwaka 1928.

Ni kweli mwanzoni hakuitaka sayansi kimu?

Ni kweli, na ndiyo habari yake ninayoipenda kuliko zote.

Msichana huyu alivutiwa na siasa na uchumi. Alipoelekezwa kwenye sayansi kimu aliona somo lenyewe ni la kawaida mno: kupika, kushona, kutandika, mambo ambayo kila msichana ameyakuta nyumbani. Angekwendaje chuoni kujifunza alichokijua tangu utoto?

Kilichombadilisha ni kusoma habari za Ellen Swallow Richards. Huyu alikuwa mkemia, mwanamke wa kwanza kukubaliwa kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, akahitimu 1873. Alipima maji ya mito na visima vya jimbo la Massachusetts sampuli kwa sampuli, akachunguza vyakula vilivyochakachuliwa madukani, na mwaka 1890 akafungua jiko la umma mjini Boston ambako vyakula vya bei nafuu vilipikwa kwa vipimo vya kisayansi. Chama cha walimu na wataalamu wa sayansi kimu cha Marekani kilipoundwa mwishoni mwa 1908, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Kittrell aliposoma hayo alielewa kwamba jikoni kuna kemia, kuna uchumi, na siasa anayoipenda imo humo humo. Akabaki.

Kila mwaka napata mwanafunzi anayeniambia, "Mwalimu, ugali bibi alishanifundisha." Huwa sibishani naye. Namwambia alete fungu la mchicha. Tunaukata kisha tunauosha, jambo ambalo wengi hufanya, tunauchemsha kwenye sufuria iliyojaa maji, tunayamwaga. Kisha namuuliza ni nini kimekwenda na maji yale. Hapo ndipo tunapoanza kuzungumza habari za vitamini C na foleti, ambayo nayo ni vitamini, na kwa nini mboga huoshwa kabla ya kukatwa na kupikwa kwa maji kidogo, muda mfupi. Bibi hakukosea kitu kwenye ugali. Ila pale kwenye sinki kuna somo zima lililokuwa likimwagika.

Alisoma nini hasa Cornell?

Alipata uzamili 1930 na uzamivu 1936. Cornell ilikuwa na chuo kizima cha sayansi kimu tangu 1925, chini ya wanawake wawili mashuhuri, Martha Van Rensselaer na Flora Rose. Tasnifu ya Kittrell ilihusu ulishaji wa watoto wachanga Weusi katika jamii moja ya North Carolina, yaani Greensboro, mji aliokuwa akifundisha.

Angeweza kuchagua mada ya maabara ambayo maprofesa wake wangeizoea. Akachagua watoto wa watu wake. Wakati huo watoto wachanga Weusi Marekani walikuwa wakifa kwa kiwango kikubwa kuliko Weupe, na ilikuwa rahisi kwa watu kusema kwamba ni ujinga wa mama zao. Mtu anayekwenda kuuliza mtoto anapewa nini, lini, kwa nini na kwa fedha gani, tayari amekataa jibu hilo rahisi.

Alifanya kazi wapi na wapi?

Bennett College, chuo cha wanawake Weusi huko Greensboro, kuanzia 1928. Kisha Hampton kuanzia 1940, alikorudi kama mkuu wa wanafunzi wa kike na kiongozi wa sayansi kimu. Mwaka 1944 Mordecai Johnson, rais wa Howard, alimwita Washington, na hapo akakaa hadi kustaafu mwaka 1972.

Liberia alikwenda kufanya nini?

Kupima chakula cha nchi nzima, kwa maneno mafupi. Serikali ya Marekani ilimpeleka huko mwaka 1947 akiongoza kikundi cha uchunguzi wa lishe, kazi ya karibu nusu mwaka. Liberia ilikuwa inatimiza miaka 100 tangu itangazwe jamhuri, nchi iliyoasisiwa na Weusi waliorudi kutoka Marekani. Kwa hiyo fikiria: mjukuu wa historia ile ile ya utumwa anavuka bahari kwenda upande ambao babu zake walitolewa, si kwa kumbukumbu wala machozi, bali akiwa na daftari la kuandika watu wamekula nini leo asubuhi.

Alichokikuta ndicho kilichompa jina. Watu wengi hawakuwa na njaa kwa maana tunayoizoea. Wali ulikuwepo na muhogo ulikuwepo. Matumbo yalijaa, lakini miili ilikuwa imepungukiwa: protini kidogo, vitamini kidogo. Aliita hali hiyo njaa iliyofichika. Taarifa zake zilichangia mabadiliko katika sera za kilimo za nchi hiyo, kwa sababu hoja yake haikuwa "kuleni zaidi" bali "limeni na vueni vitu vya aina nyingi zaidi."

Wapo wanaosema kwamba hilo kila mtu analijua. Leo, ndiyo. Mwaka 1947 nchi nyingi zilihesabu chakula kwa magunia, na gunia likijaa, kazi imekwisha.

Njaa iliyofichika ikoje, kwa lugha ya nyumbani?

Chukua sahani ya mtoto wa miaka miwili. Kuna bonge la ugali wa muhogo, jeupe, zuri, limekandwa likakandika. Pembeni kuna mchuzi mwepesi, maji ya nyanya na chumvi. Mtoto anakula, anashiba, analala. Mama anaona amefanya wajibu wake, na kwa juhudi amefanya kweli, maana huo muhogo haukujichimba wala kujitwanga.

Sasa angalia kilichomo. Muhogo ni wanga karibu mtupu, una protini kidogo sana. Mtoto amepata nguvu ya kukimbia lakini hakupata cha kujengea misuli, wala madini ya chuma ya damu, wala vitamini A ya macho. Akiendelea hivyo miezi kadhaa, hutamwona amekonda. Utamwona anaugua kila wiki, hakui kwa kimo, darasani anasinzia. Watu watasema ni mvivu, au amerogwa.

Na dawa mara nyingi iko hatua kumi kutoka jikoni. Majani ya muhogo huo huo, kisamvu kwetu, sombe kwa ndugu zetu wa mashariki mwa Congo, yana protini na vitamini ambazo mzizi hauna. Yatwange, yachemshe vizuri ili sumu yake iishe, weka karanga, weka dagaa wa kusaga. Mawese mabichi, yale mekundu, yana kiini cha vitamini A, ndiyo sababu ya rangi yake. Mchele nao ukikobolewa mpaka ukawa mweupe pe, pumba inayotupiwa kuku imebeba vitamini B1 ambayo mtu aliihitaji.

Ukiona kwenye mfuko wa unga dukani maandishi kwamba umeongezewa virutubishi, ujue ni vita vile vile dhidi ya njaa isiyoonekana. Kittrell si peke yake aliyevipigana. Lakini alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuionyesha njaa hiyo kwa ushahidi wa nchi nzima, tena ya Afrika.

Na kwashakoo, ni jambo hilo hilo?

Hapana, ingawa ni ndugu. Kwashakoo ni utapiamlo mkali unaoonekana kwa macho: miguu kuvimba, nywele kubadilika rangi. Jina la kitabibu lilitoka lugha ya Kiga ya Ghana, likaandikwa katika jarida la madaktari mwaka 1935 na daktari Cicely Williams, na maana yake inahusu mtoto anayeugua mwenzake anapozaliwa, akaachishwa ziwa. Njaa iliyofichika inakuja kabla, kimya kimya, na inagusa wengi zaidi.

India alifanya nini?

Mwaka 1950 alikwenda kwa ufadhili wa Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi, katika Chuo Kikuu cha Baroda, magharibi mwa India, akasaidia kujenga chuo cha sayansi kimu kilichokuwa ndiyo kwanza kinaanza. India ilikuwa imepata uhuru miaka mitatu tu nyuma.

Mkuu wa chuo kikuu hicho alikuwa mwanamke, Hansa Mehta. Ni yeye aliyesimama Umoja wa Mataifa akahakikisha kifungu cha kwanza cha Tamko la Haki za Binadamu kinataja binadamu wote, si wanaume wote kama Kiingereza chake cha awali kilivyosema. Napenda kuwaza kazi iliyokuwa ikifanyika Baroda miaka ile: mwanamke wa Kihindi aliyebadilisha maneno ya dunia, na mwanamke Mweusi kutoka North Carolina ambaye nchini kwake hakuruhusiwa kuketi popote anapotaka kwenye basi, wanajenga somo la lishe, malezi ya watoto na usimamizi wa nyumba, kwa ngazi ya shahada.

Alirudi India 1953 chini ya mpango wa msaada wa kiufundi wa Marekani, kuendesha mafunzo ya lishe na sayansi kimu. Hakuwa mtu wa kufika mara moja na kupiga picha.

Alifika Congo kweli?

Ndiyo. Kuanzia 1957 hadi 1961 alifanya safari kadhaa Afrika Magharibi na ya Kati, Guinea ikiwemo. Mwaka 1962 alishiriki kuanzisha Congo Polytechnic Institute, upande wa sayansi kimu.

Mwaka ule una uzito wake. Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wachache mno, maana wakoloni wa Kibelgiji walifungua shule za msingi nyingi na kufunga mlango wa juu. Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961, jimbo la Katanga lilikuwa limejitenga, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa nchini. Katikati ya hayo, mtu anakaa kupanga wasichana watasomaje lishe. Wengine wataona ni kufagia ua nyumba ikiungua. Mimi naona tofauti: watoto hawaachi kula vita vikija, na nchi isiyo na walimu wa kike itawatoa wapi walimu hao kama haianzi mahali?

Je, hakuwa chombo cha serikali ya Marekani?

Swali zuri, na wanafunzi wa kidato cha tano hulipenda. Safari zake nyingi zililipiwa na serikali ya Marekani, tena wakati wa vita baridi, ambapo Washington ilitaka nchi mpya za Afrika na Asia ziione kwa jicho jema. Kumtuma msomi Mweusi kuliwasaidia kufunika aibu ya ubaguzi wa nyumbani. Hilo silifichi.

Lakini tazama alichokifanya na nafasi hiyo. Alirudi na taarifa za lishe na kuacha nyuma idara na walimu. Alikuwa pia mwanachama wa Jumuiya ya Kimataifa ya Wanawake ya Amani na Uhuru, chama kilichopinga vita, jambo lisilo la mtu anayefuata tu analoambiwa. Nauli aliipokea, ajenda ilikuwa yake.

Alikuwa na uhusiano gani na shule za chekechea?

Mkubwa. Kwake sayansi kimu haikuishia kwenye chakula, ilimchukua mtoto mzima. Huko Howard alikuwa na chekechea ya mafunzo, na kuanzia 1964 aliendesha mradi wa miaka miwili wa watoto 38 wa familia maskini za Washington. Walimu waliwafundisha watoto na kuwatembelea wazazi. Mwaka 1965 serikali ya Rais Lyndon Johnson ilianzisha Head Start, mpango wa taifa wa elimu ya awali kwa watoto wa kipato cha chini, uliopo mpaka leo. Kazi ya Howard ilikuwa mojawapo ya zilizoonyesha njia, na walimu wa mpango huo walifunzwa hapo.

Jambo alilolisisitiza ni mzazi. Mtoto akinywa maziwa chekechea na nyumbani mama hajui kwa nini, mradi ukifungwa na maziwa yamekwisha.

Kwa nini alihangaikia jengo miaka 15?

Kwa sababu alijua chuo kikuu kinaheshimu kile kinachokijengea kuta. Aliomba, akaandika, akasukuma, mpaka jengo la sayansi kimu la Howard likafunguliwa 1963. Kila mwalimu wa somo hili aliyepewa stoo iwe karakana anajua miaka 15 hiyo ina ladha gani. Nimewahi kufundisha mapishi kwa jiko moja la mkaa na wanafunzi 40, na nilipewa kwa maelezo kwamba "somo lenyewe si la mtihani mkubwa."

Mbona hajulikani?

Nina jibu langu. Mwanamke, Mweusi, na mwalimu wa somo lililohesabiwa la wasichana: kila moja lilitosha kumpunguzia kurasa katika vitabu. Pia kazi ya lishe ikifanikiwa haina picha. Daktari ana mgonjwa aliyepona wa kumwonyesha. Afisa lishe ana mtoto ambaye hakuugua, na nani atampigia makofi mtoto ambaye hakuugua?

Alifariki lini, na ni nini kimebaki?

Alifariki tarehe 3 Oktoba 1980, Washington, akiwa na miaka 75. Hata baada ya kustaafu hakutulia: mwaka 1978 alikuwa India tena akifundisha.

Kimebaki chuo cha Baroda, kinachofundisha mpaka sasa. Mwaka 1973 chama cha sayansi kimu cha Marekani kilianzisha ufadhili kwa jina lake kwa wanafunzi wa nchi za nje, na nadhani angependa hilo kuliko sanamu. Tena kuna sauti yake mwenyewe. Mwaka 1977 alihojiwa kwa ajili ya mkusanyo wa simulizi za wanawake Weusi wa Marekani uliohifadhiwa katika Maktaba ya Schlesinger huko Cambridge, Massachusetts. Ni humo anamosimulia utoto wake wa Henderson, na siku alizokaa Hampton akijiuliza kama kweli anataka kusomea mambo ya nyumbani.